Benchi la Mapendo

Kila Jumapili, baada ya misa ya saa tatu, camionnette ya Papa Séraphin, gari lake dogo la mizigo, ilisimama kando ya uwanja wa Laeken, Ubelgiji, na Maman Marie-Jeanne akawa wa kwanza kuteremka, amebeba beseni la jezi. Jezi zilikuwa za kijani, zimepigwa pasi, na ziligawiwa kwa utaratibu ambao hakuna aliyeuliza ulianza lini: kwanza namba kumi, ambayo ilikuwa ya mumewe, Papa Séraphin, kisha ya kipa, kisha za wengine kwa jinsi walivyosimama. Waliobaki walielekezwa kwenye benchi. Benchi lenyewe lilikuwa ubao mmoja mrefu juu ya magogo mawili, halikuwa na paa, na chini yake udongo ulikuwa mweusi na mbichi, udongo mzuri wa kupandia chochote.

Msimu ule, wa mwaka tisini na tano kuingia tisini na sita, aliyesugua benchi kuliko wote alikuwa Guylain. Wenzake waliokaa naye waliingizwa kipindi cha pili, wakatoa jasho, wakarudi nyumbani wakijisifu. Guylain alicheza namba kumi, na namba kumi ilikuwa na mwenyewe.

Jumapili moja ya Oktoba, timu yao, Mapendo, walicheza na Wareno wa Saint-Gilles. Papa Séraphin aligawa mpira kwa moyo mkunjufu, ila sehemu kubwa aliwagawia Wareno. Penalti aliyopewa aliipiga juu ya uzio, ikaenda kusimamisha tramu, na dereva akaurudisha mpira mwenyewe kwa mikono miwili. Dakika za mwisho beki mmoja wa Wareno, akiwa peke yake na hakuna anayemsumbua, aliugeukia mpira akajifunga. Mapendo wakashinda moja bila. Walipokuwa wakikusanya vitu, Guylain alijaribu kuinuka akashindwa. Anaclet, kocha wao, aliinama kutazama. Kiatu cha kushoto kilikuwa kimetoa mizizi, myembamba kama uzi wa kushonea, imepita kwenye matundu ya kamba na kuingia ardhini.

"Ni juu ya hii humidité, hii majimaji ya Laeken," alisema Maman Marie-Jeanne. "Nilimuambiaka avale soksi mbili. Batoto ya siku hizi habasikiake."

Anaclet alichukua kisu alichokatia machungwa ya mapumziko, akaikata mizizi mmoja mmoja, akakifuta kisu kwenye suruali. Guylain akasema, "Merci, coach." Wakapanda camionnette wakarudi kwa Papa Séraphin, Saint-Josse, kula.

Hapa lazima isemwe Papa Séraphin alikuwa nani, la sivyo yanayofuata yataonekana upumbavu, na hayakuwa upumbavu. Alitoka Likasi akiwa kijana, aje kusomea uinjinia. Masomo yakakatika, akabaki kuosha vioo vya maghorofa. Lakini tangu miaka hiyo alikuwa na kazi nyingine ambayo hakuajiriwa na mtu. Simu ikilia kutoka Lubumbashi, Goma au Bukavu kusema mpwa wa fulani anafika Jumanne, Papa Séraphin alikwenda kumpokea uwanja wa ndege wa Zaventem, hata kama fulani mwenyewe hamjui. Alisimama pale penye mlango wa kutokea akiwa na koti zito la kahawia mkononi, kwa sababu anayefika hufika na shati jepesi. Alimvalisha koti, akambebea mfuko, akamlaza kwenye zulia la sebule yake mpaka mtu huyo apate pa kwenda. Wengine walichukua mwezi, wengine walichukua miaka.

Karibu Mapendo nzima ilikuwa imelivaa koti lile. Anaclet mwenyewe, aliyekuwa sasa fundi wa lifti na mtu wa kuheshimika, alifika kutoka Goma siku ya theluji akiwa amevaa kandambili. Guylain alilivaa miaka kumi na mbili baadaye. Siku hizi, wakati hakuna anayefika, koti lilikwenda uwanjani kuwafunika walio benchini. Kwa hiyo timu ilipoanza kuona kwamba magoti ya Papa Séraphin yamekwisha, hakuna aliyejua angemwambia kwa mdomo gani kwamba akae.

Guylain, kwa upande wake, alitoka Butembo. Siku za mazoezi, Jumatano, mpira ukifika kwenye mguu wake wa kushoto ulitulia, halafu ukaenda mahali ambapo mwenzake alikuwa hajafika bado lakini angefika tu. Watu waliokuwa wakitembeza mbwa wao walisimama kutazama. Ombi lake la ukimbizi lilikuwa limekataliwa, naye akapewa amri ya kuondoka Ubelgiji kabla Mei haijaisha. Kasoki, dada yake mkubwa, ambaye alihudumia vikongwe kwenye nyumba za karibu na Flagey, alikwenda kwa wakili. Wakili akasema umebaki mlango mmoja: apatikane mwajiri anayemtaka hasa yeye, amwombee kibali cha kazi.

Na mtu wa namna hiyo alikuwepo. Mzee mmoja Mbelgiji, wa Kiflamandi, mwenye mwavuli na kofia ya sufu, alitafuta wachezaji kwa ajili ya klabu ya daraja la tatu, na habari za mguu wa kushoto wa Laeken zilikuwa zimemfikia. Ila alikuwa na sharti lake. Mazoezi hakuyatazama. Alitazama mechi tu, na alimwahidi Kasoki kwamba angekuja mara moja, Jumapili ya pili baada ya Pasaka, kwa sababu Jumapili nyingine zote alikuwa na viwanja vingine.

Majira ya baridi yakapita, Mapendo wakishinda. Walishinda kwa bao la kona lililosukumwa na upepo. Walishinda kwa sababu kipa wa waoka mikate wa Schaerbeek alipiga chafya. Papa Séraphin alikuwa katikati ya kila mechi, akihema, akionyesha kwa kidole mpira uliopaswa kwenda, kisha akiupeleka kwingine. Na kila Jumapili jioni Anaclet alipiga goti mbele ya benchi akakata mizizi. Mwezi wa kumi na mbili ilikuwa minene kama kidole, kisu kikashindwa, akaleta msumeno kutoka kazini.

Mezani Saint-Josse, Papa Séraphin akiwa bado anaegesha camionnette, watu walisema waliyokuwa nayo.

"Grand anacheza mubaya," alisema Rigobert, kipa. "Quand même tuseme kweli. Mi njo niko naona mupira yote anapoteza, inakuya kwangu."

"Lakini tuko tunashinda," alisema Anaclet. "Ukishinda, utabadirisha nini? Utamuambia muntu, papa, kaa, juu tunashinda?"

"Na mutoto?"

Anaclet alitazama sahani yake. Guylain alikuwa upande wa pili wa meza, anakula, na udongo wa Laeken ulikuwa unadondoka kwenye kiatu chake kidogokidogo. Aliwahi kulala kwenye zulia lile lile lililokuwa chini ya meza, na aliyempa zulia alikuwa anapanda ngazi wakati huo, goti likilia kila hatua.

Mwezi wa tatu gome lilifika gotini, la kijivu, laini kwa kugusa. Nyumbani Kasoki alimwekea beseni la udongo kando ya kitanda, kwa sababu mguu ulikuwa haupati usingizi bila udongo. Asubuhi moja jani lilichomoza nyuma ya sikio lake la kushoto. Kasoki alilichuma, akalisugua kati ya vidole, akanusa. Lilikuwa la mparachichi, kama wa nyuma ya nyumba yao kule Butembo. Alilia kidogo, kisha akaenda kazini, maana kikongwe wake wa kwanza alitaka kahawa kabla ya saa mbili.

Alipotoka kazini alipitia kwa Anaclet.

"Coach, ule muzee anakuya kisha Pasaka. Anakuya kuangaria Guylain, hapana Papa Séraphin. Utamuingiza?"

"Nitaona match inaenda je."

"Itaenda bien, coach. Inaendaka bien siku yote. Njo problème."

Anaclet hakulala vizuri. Jumamosi iliyofuata alivaa shati safi akaenda Saint-Josse kumwambia Papa Séraphin akae. Alikuwa ameyapanga maneno kwenye tramu, na yalikuwa maneno mazuri, ya heshima, yenye shukrani mwanzoni na mwishoni. Alipoingia alikuta kijana mmoja amelala kwenye zulia, ametoka Kolwezi jana, amefunikwa koti la kahawia. Maman Marie-Jeanne aliweka bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo mbele ya Anaclet kabla hajaketi. Papa Séraphin alikaa kando yake, goti limefungwa kitambaa.

"Kula kwanza," alisema. "Minajua kenye ulikuya kusema."

Anaclet akanawa.

"Minajua magoti yangu, Anaclet. Hauko wa kunifundisha. Lakini angaria. Kwa kazi baniitaka Michel. Vingt ans, miaka makumi mbili. Banasema Séraphin iko murefu kwa kinywa yabo. Niko na kamba kwa kiuno, kule juu, naosha vitre, na muntu wa ndani haniangariake hata akinywa café yake pembeni yangu. Siku ya dimanche, kwa mupira, njo naitwaka Séraphin."

Anaclet alimega bukari.

"Na ile banc, ile benchi, nimeiona. Ule mutoto eko jeune, munamukata na ataamuka. Mi nikikaa pale siku moja, nitaota mizizi siku ile ile. Nani atanikata, mi? Munafikiri mutanikumbuka?" Alikunja kitambaa cha goti upya. "Bon. Siku tutapoteza match, hata moja tu, nitatosha jezi kwa mwili mi mwenyewe. Mbele ya Mungu."

"Oui, grand," alisema Anaclet. Akala mpaka sahani ikaisha, akashukuru, akasaidia kumnyanyua kijana wa Kolwezi apate kulala upande mwingine, akarudi kwake na maneno yake yote.

Habari za kiapo zilienea. Kasoki alianza kusali kwamba Mapendo wafungwe. Alisali misa ya saa tatu, amepiga magoti safu moja nyuma ya Maman Marie-Jeanne, ambaye alikuwa anaombea ushindi, na sala zote mbili zilipanda pamoja kuelekea dari. Aliomba bao moja tu, tena la kubahatisha. Padri alipomuuliza katika kitubio kama kuna lingine, alisema hapana.

Rigobert, ambaye si mtu wa sala, alichukua njia yake. Mechi ya mwisho kabla ya Pasaka, dhidi ya madereva wa teksi wa Anderlecht, mwamuzi aliwapa wapinzani penalti. Rigobert alimtazama Guylain kule benchini, na Guylain akatazama chini, kwa sababu alielewa. Rigobert akaruka kulia wazi kabisa hata kabla mpigaji hajafika kwenye mpira. Mpira ulikwenda kushoto, ukagonga nguzo, ukarudi ukagonga nguzo nyingine, ukarudi ukamgonga Rigobert kisigino na kwenda zake katikati ya uwanja. Wenzake walimbeba mabegani. Aliulizwa siri yake ni nini, akasema anataka kwenda nyumbani.

Jumapili ya mzee wa Kiflamandi mvua ilinyesha tangu alfajiri. Guylain alikuwa na shina sasa, la kushoto, mpaka kiunoni, na matawi mawili yalitoka begani kwenda juu, yamejaa majani. Mguu wa kulia ulikuwa bado mguu. Anaclet alikuwa amempima asubuhi ile na kuona kwamba msumeno ungetosha: ingeuma, lakini ungetosha, na chini ya gome mguu wa kushoto ulikuwa mzima, unachezacheza kwa hamu. Alimwambia Kasoki kwamba amekuja na msumeno. Hakumwambia zaidi.

Mzee alifika dakika ya kumi. Alimsalimia Kasoki kwa kuvua kofia, akasimama mstari wa pembeni. Uwanjani Papa Séraphin alikuwa akianguka na kuinuka. Dakika ya thelathini alipiga kona, akateleza, na mpira ukaenda kumgonga mwamuzi mgongoni, ukabadilisha njia, ukaingia wavuni. Mwamuzi alijitazama, akafikiri, akaonyesha katikati. Moja bila.

Mapumziko. Anaclet alikwenda kwenye benchi na mfuko wake, akapiga goti kwenye matope, akatoa msumeno. Guylain alivua koti la kahawia, akaliweka pembeni kwenye ubao. Akanyoosha shina lake kadiri lilivyoweza kunyooka. Meno ya msumeno yaligusa gome na Guylain akafumba macho. Kasoki alikuwa amesimama karibu, ameshika viatu vipya vya kuchezea alivyomnunulia, kamba zimeshalegezwa tayari.

Papa Séraphin hakuja kula machungwa. Alibaki katikati ya uwanja peke yake, mikono magotini, mvua inamnyeshea kichwani penye upara. Hakuita, hakupunga mkono. Alisimama wima taratibu, akavuta soksi juu, akaingiza jezi kwenye kaptula kama mtoto anayesubiri kukaguliwa. Maman Marie-Jeanne alikuwa na beseni lake, na humo hamkuwa na kitu, lakini aliinama akaendelea kutafuta.

Anaclet alilitazama koti lile kwenye ubao. Kola yake ilikuwa imechanika mahali pale pale ilipochanika siku ya theluji. Akatoa msumeno kwenye gome. Akaingiza mkono kwenye mfuko, akatoa kisu na machungwa, akayakata. Aliyakata vizuri, vipande vinne vinne, bila haraka, na kipande cha kwanza alimpa Guylain.

Iliuma. Iliwauma wote waliokuwa pale, kila mmoja kwa upande wake, na kila mmoja alikula chungwa lake.

"Coach," alisema Kasoki.

"Tuko tunashinda," alisema Anaclet, na hakumtazama usoni.

Kipindi cha pili mvua ilizidi na mwavuli wa mzee wa Kiflamandi ukapinduka. Alitazama huku na huku, akaona mti karibu na mstari, akaja kujikinga chini yake. Majani yalikuwa mapana, hayakupitisha tone. Guylain alimsalimia kwa Kifaransa, akajitambulisha, akamwambia kwamba yeye ndiye namba kumi wa mguu wa kushoto aliyesikia habari zake. Mzee alimwamini kabisa. Alisema alidhani hivyo, na kwamba ni jambo la kusikitisha, lakini klabu yake humlipa kwa anayoyaona yakichezwa, na mpaka sasa alichoona ni kipa. Guylain akasema ni kipa mzuri. Mzee akasema ndiyo, ana utulivu. Wakatazama pamoja mpaka mwisho, moja bila, na mzee alipoondoka alilipapasa shina mara mbili, akashukuru kwa hifadhi.

Rigobert alipata mkataba. Alikuwa amezaliwa Liège na hakuhitaji kibali cha mtu yeyote.

Tangu siku ile Guylain hakurudi nyumbani. Anaclet alileta msumeno Jumapili mbili zaidi, lakini Guylain mwenyewe alimwambia auache, kwamba haidhuru, coach, unachosha mkono tu. Mapendo walichukua kombe la ligi wakiwa hawajafungwa. Papa Séraphin alilipokea, akalibusu, akaja nalo mpaka kwenye benchi. Hakukaa. Aliliweka mapajani kwa Guylain, kwenye ule upande ambao bado ulikuwa paja.

"Ni yetu, mwanangu," alisema, na machozi yalimtoka kwa kweli. "Yetu yote."

"Merci, tonton," alisema Guylain.

Mwisho wa Mei polisi wawili walikuja uwanjani na amri. Walikuwa watu wa adabu. Walimsomea, wakamwomba asimame, Guylain akawaeleza kwamba hawezi. Mmoja alimshika mkono, mwingine akashika tawi, wakavuta kidogo, na majani matatu yakaanguka. Wakaona afadhali waulize. Siku ya pili ilikuja gari ndogo ya kijani ya watu wa bustani, na bwana mmoja mwenye buti alipima mzingo wa shina kwa utepe, akauliza umri, akatazama majani. Aina hakuijua. Akasema mti wenye unene ule, ndani ya eneo la mji, haung'olewi wala hausogezwi bila idhini, na idhini hizo huwa hazitoki. Alipigilia kibao kidogo cha bati chenye namba chini ya bega la kushoto, kwa misumari midogo, akiuliza kila mara kama anaumiza. Polisi wakafunga faili lao wakaenda.

Simu zililia Saint-Josse nzima: Guylain amepata karatasi za kubaki. Maman Marie-Jeanne alipika sufuria mbili za sombe na kuku wa kutosha, akavileta uwanjani, watu wakacheza muziki wa camionnette milango ikiwa wazi. Wengine, ambao kesi zao zilikuwa bado, walikuja kugusa kibao kwa kidole. Anaclet alikunywa bia nyingi kuliko kawaida yake. Alimwambia kila aliyemsikiliza kwamba mambo, mwishowe, yamekaa vizuri, na kwamba labda ni ile banc iliyomwokoa mtoto.

Kasoki peke yake hakucheza. Alikuwa ameviweka viatu vipya kwenye ubao, kimoja kando ya kingine.

"Bamemupa kubakia," alimwambia Anaclet. "C'est bien. Na kucheza, nani atamupa?"

Anaclet alimwuliza kama amekula.

Mwaka uliofuata nchi yao ilibadilishwa jina, na watu wote wa Mapendo walipanga foleni ubalozini kubadilisha pasi, isipokuwa Guylain, ambaye hakuhitajika. Septemba ligi ilianza upya, na kwa bahati walipangiwa Wareno. Camionnette ilisimama mahali pake. Maman Marie-Jeanne aliteremka na beseni, akatoa namba kumi, ikiwa bado na joto la pasi, akampa mumewe. Kijana wa Kolwezi, ambaye wengi walisema ana macho mazuri ya kugawa mpira, alivalishwa koti la kahawia akaonyeshwa benchi. Alikaa upande wa kulia wa Guylain, penye kivuli. Kasoki alikuwa anapangusa majani vumbi kwa kitambaa.

Dakika ya ishirini Papa Séraphin alijaribu kumpelekea mpira winga wake. Mpira ulikwenda nje, ukarukaruka mpaka kwenye benchi. Guylain aliunyooshea mguu wa kulia, ule ambao hakuwahi kuuamini. Mpira ukatulia. Akatazama uwanja mara moja tu, akaupiga. Ulipita juu ya mabeki wawili wa Kireno, ukashuka taratibu, ukaenda kulala kwenye kiatu cha Papa Séraphin bila yeye kusogea.

"Papa Séraphin!" watu walishangilia. "Séraphin! Séraphin!"

Mwamuzi alipuliza filimbi. Mti ulikuwa nje ya mstari, kwa hiyo mpira ulikuwa wa Wareno, warushe. Guylain akarudisha mguu wake chini ya benchi. Kijana wa Kolwezi alitaka kusimama ashangilie, akahisi kiatu chake cha kushoto kizito, akaketi tena. Anaclet alivua jaketi lake, akalitundika kwenye tawi la chini, akauliza nani amekaa na kisu cha machungwa. Mapendo walikuwa wanaongoza moja bila.